Nilimtania mpira, akajitoa kundini

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni Man United, rafiki yangu ni Barcelona, na tunataniana miaka nenda rudi kwenye kundi letu la WhatsApp. Wiki iliyopita tukibishana kuhusu penalti, nikamwandikia: 'Nyumbani kwako penyewe ulishindwa kulinda goli, utaweza kuitetea Barca?' Watu 14 wakaweka emoji za kucheka, mmoja akaigeuza stika. Jamaa kimya. Baada ya dakika kumi akajitoa. Ni kweli mkewe aliondoka mwaka huu, ila sikumaanisha hilo. Kesho yake niliandika kundini: 'Kama kuna aliyekwazika, samahani.' Wenzangu wanasema ana hasira za kitoto. Nimwache apoe au nimtafute?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Waliocheka umewahesabu mmoja mmoja, stika umeikumbuka, lakini mke wa mwenzio umempa nusu mstari tu. Halafu unaniambia hukumaanisha hilo. Ulimaanisha nini basi? "Nyumbani kwako" ni uwanja gani?

Mimi mwenyewe ni Brazil. Usiku wa Julai 8, 2014 nilitoka kupokea simu Ujerumani wakiongoza 1-0. Niliporudi ni 5-0. Manne yaliingia kati ya dakika ya 23 na ya 29, nikadhani televisheni inarudia goli moja. Mechi iliisha 7-1, na mpaka leo nikibishana na mtu kuhusu mpira huninyooshea vidole saba tu, basi nanyamaza. Nacheka, kwa sababu zile saba hazikuwa zangu. Ungemkumbusha rafiki yako zile 8-2 Barca walizopigwa na Bayern, Agosti 2020, angekutukana kidogo na mambo yangeendelea. Lakini safari hii aliyefungwa ni yeye, tena mbele ya watazamaji 14.

Na hiyo "kama kuna aliyekwazika"! Aliyekwazika alikuwa ameshaondoka, sasa ulikuwa unamwomba radhi nani? (Neno "kama" kwenye samahani hunikera kuliko hata wale wanaotuma sauti ya dakika nne kusema "nakuja".)

Mtafute. Mpigie simu, leo. Usianze na habari za hali na familia, hasa familia. Mwambie: "Nilikusema vibaya kuhusu mkeo, mbele za watu. Nimekosa." Kisha funga mdomo. Najua ulimi utawasha kuongeza "ulikuwa utani tu," na hapo ndipo utakapoharibu, maana utakuwa unamweleza kwamba angepaswa kucheka. Asipopokea, mwandikie maneno hayohayo, mstari mmoja, usubiri. Akinyamaza wiki nzima, ana haki ya kunyamaza.

Kisha rudi kundini. Kufuta ule ujumbe kwa wote umeshachelewa, WhatsApp inatoa siku mbili na ushee tu. Kwa hiyo andika wazi kwamba ulivuka mpaka, na yule mwenye stika aache kuituma. Wapo watakaokuita umelainika. Hao ndio wanaosema jamaa ana hasira za kitoto, na hakuna hata mmoja aliyempigia kumuuliza anaendeleaje tangu mkewe aondoke. Wewe je, ulimpigia? Barua yako haisemi.

Usimwombe admini amrudishe kwa nguvu. Atarudi mwenyewe akitaka, au mtabaki nyinyi wawili tu kwenye simu, na hilo nalo si baya.

Utani wa mpira usiuanze wewe. Siku akikuletea zile 7-0 mlizopigwa na Liverpool, Machi 2023, usimjibu kwa takwimu. Mwache azitumie zote saba.