Chai ya dola kumi: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya fomu za washawishi Sacramento

Mwaka wangu wa pili kazini hapa Sacramento, makao makuu ya jimbo la California, katikati ya Desemba, nilikuta vikapu ishirini na vinne vimepangwa kwenye korido ya kampuni yetu ya washawishi. Lozi, pistachio, chupa ya mafuta ya zeituni, utepe mwekundu juu. Mteja wetu mmoja, chama cha wakulima, alikuwa amevileta visambazwe kwa wabunge na watumishi wao kwa heri ya sikukuu. Mshawishi wetu mmoja (lobbyist, yaani anayelipwa kuzungumza na wabunge kwa niaba ya mteja), mtu mwema kabisa, alikuwa ameshachapa orodha ya majina na namba za vyumba, na alikuwa anatafuta kitoroli. Mimi kwetu Tanga. Nimekua nikiambiwa mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilichoona pale ni adabu tu.

Dada aliyekuwa akinifundisha kazi akapita na kikombe chake. Hakuvitazama vikapu. Aliitazama karatasi.

"Nani kaandika hii orodha?"

Swali hilo moja ndilo lililonifundisha sheria ya California kuliko kitabu chochote cha mwongozo. Mteja mwenyewe angeweza kupeleka kikapu chake. Kuna kikomo cha zawadi kwa mwaka kwa mtoaji wa kawaida, kinafika mamia ya dola, na mteja aliyeajiri washawishi anatakiwa kuiripoti zawadi hiyo kwenye taarifa yake ya robo mwaka. Lakini mshawishi aliyesajiliwa, na kampuni yake, hawaruhusiwi kumpa afisa mmoja zaidi ya dola 10 kwa mwezi. Tena hawaruhusiwi kuwa mkono wa kupitishia zawadi ya mtu mwingine, wala kuipanga. Ile orodha ndiyo kupanga kwenyewe. Kitoroli ndicho kupitisha. Vikapu vikarudi kwenye gari la mteja mchana ule ule na karatasi ikaenda kwenye mashine ya kuchana, jambo ambalo nalo lilikuwa kosa, maana kumbukumbu zetu tunatakiwa kuzitunza miaka mitano. Tukaichapa upya tukaiweka faili, na maelezo juu yake ya kilichotokea.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu kila mwaka nawaona mnakuja na wazo moja: kwamba kazi hii ni ya kukamata rushwa. Siyo. Kumwendea mbunge na kumwambia la kusema ni haki ya kikatiba huku, na anayelipwa kufanya hivyo anayo haki hiyo pia. Jimbo linachodai ni kwamba ukilipwa, ujulikane: wewe nani, nani anakulipa, kiasi gani, na kwa muswada upi. Kazi yenu ni kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Inasikika nyepesi mpaka Oktoba ifike na taarifa za robo ya tatu zidaiwe.

Hiyo dola 10 ina historia yake. Juni 1974, moshi wa kashfa ya Watergate ukiwa bado hewani, wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo namba 9, lililozaa Sheria ya Mageuzi ya Siasa na tume inayoisimamia, FPPC. Jerry Brown, aliyekuwa Katibu wa Jimbo na akigombea ugavana, aliuelezea mpaka huo kwa mfano ambao bado unatajwa Sacramento: hambaga mbili na Coca-Cola. Mwaka 1974 kiasi hicho kilikuwa chakula cha mchana cha watu wawili. Leo kahawa ya maziwa na kipande cha keki vinakimaliza, lakini namba haijapanda hata senti. Sisi tunaotoka kwenye lugha ambayo "chai" ina maana mbili tungeielewa haraka: hapa wameipima chai kwa bei, wakaacha bei isimame na maisha yakapanda, mpaka imebaki chai ya kweli. Wisconsin wamekwenda mbali zaidi. Huko mshawishi haruhusiwi kumpa mbunge hata kikombe cha kahawa.

Na sheria hizi hazikuanza bila sababu. Miaka ya 1930 na 1940 mji huu ulikuwa na mtu aitwaye Artie Samish, wakala wa watengenezaji bia na wenye malori na mabasi, ambaye Gavana Earl Warren mwenyewe alikiri kwamba kwenye mambo ya wateja wake ana nguvu kuliko gavana. Mwaka 1949 jarida la Collier's lilimpiga picha amempakata mdoli, akijifanya kuzungumza naye kana kwamba ndiye Bunge. Wabunge waliona aibu, wakapitisha sheria ya kusajili washawishi mwaka huo huo. Samish mwenyewe aliangushwa na kukwepa kodi. Mimi hilo la mwisho nalipenda, msinichukulie vibaya. Mtu aliyelishika jimbo zima mkononi akaangushwa na mahesabu yake.

Sasa, nani ni mshawishi? Hapa ndipo wengi mtateleza, na hasa ninyi mnaoajiriwa na mashirika ya kijamii mkidhani neno hilo ni la wenye suti. Aliyekodishwa kuzungumza na maafisa kwa niaba ya mteja anafikia kiwango akipokea au akistahili kupokea dola 2,000 au zaidi ndani ya mwezi mmoja kwa kazi hiyo. Mwajiriwa wa ndani, kwa mfano ofisa programu wa shirika la afya, anafikia kiwango akitumia theluthi moja ya muda wake wa kulipwa ndani ya mwezi wa kalenda kuzungumza moja kwa moja na maafisa. Mwezi wa kalenda, siyo mwaka. Mwezi mmoja mkali wa Juni unatosha. Baada ya hapo una siku kumi za kujisajili, na kuna kozi ya maadili ya kuhudhuria.

"Maafisa" siyo wabunge 120 tu. Watumishi wa ofisi zao na washauri wa kamati wamo, na ndio hasa mtakaozungumza nao. Kijana wa miaka ishirini na nne anayekaa kwenye kijichumba ndani ya jengo la 1021 O Street, zilipo ofisi za wabunge, ndiye anayesoma barua yenu, na ndiye anayemwandikia mbunge mstari mmoja wa ushauri dakika kumi kabla ya kura. Kahawa mnayomnunulia inahesabika.

Nina mdogo wangu mmoja wa Nairobi anayefanya kazi kwa mbunge. Si ndugu wa damu, lakini ughaibuni anayekusalimu "shikamoo" kwenye lifti huwa ndugu. Tukienda kunywa kahawa, mimi ndiye mkubwa, na mkubwa halipiwi wala hagawani bili, anatoa pochi. Mara ya kwanza nilipomwambia kila mtu alipe yake aliniangalia kama niliyerukwa na akili. Nikamweleza: kampuni yangu imesajiliwa, wewe ni afisa, na mimi sitaki kukuandika kwenye fomu kwa sababu ya chai ya maziwa. Alicheka mpaka watu wakageuka. Tangu siku hiyo tunapata risiti mbili, na zote mbili hazina thamani yoyote kisheria, lakini naiweka yangu kwenye shajara.

Shajara. Kama mtachukua neno moja kwangu, chukueni hilo.

Taarifa zinakwenda kwa robo mwaka. Mshawishi ana wiki mbili baada ya robo kuisha kumpa mwajiri wake fomu 615. Kampuni inaiambatanisha na fomu yake, 625, mteja anajaza 635 yake, na zote zinatakiwa kufika kwa Katibu wa Jimbo mwisho wa mwezi: Aprili 30, Julai 31, Oktoba 31, Januari 31. Ukichelewa ni dola 10 kwa siku. Hiyo ni kero tu. Kinachouma ni kuandika kitu kisicho kweli, kwa sababu kosa moja mbele ya FPPC linaweza kufika dola 5,000, na kila fomu inasainiwa chini ya kiapo.

Mwaka wangu wa kwanza nilijifunza hilo kwa aibu. Tulikuwa na muswada wa Assembly, nyumba ya chini ya Bunge la jimbo, uliohusu maegesho ya magari vyuoni. Mteja wetu mmoja, chama cha wafanyakazi, aliufuatilia masika yote, kisha akauacha. Agosti, mbunge aliyeuleta muswada akautumbua: maneno yote ya maegesho yakatolewa, yakawekwa maneno ya maji ya umwagiliaji, namba ikabaki ile ile. Huu ni mchezo wa kila mwaka, mtauona. Tangu Pendekezo namba 54 la 2016 lazima maneno mapya yakae mtandaoni saa 72 kabla ya kura, lakini namba haibadiliki. Mteja wetu mwingine, mwenye shida ya maji, akarukia muswada ule usiku huo huo.

Oktoba nikakaa kujaza 625. Sikuwa na shajara. Nilikuwa na barua pepe, kalenda ya mshawishi yenye vifupisho kama "ongea na wa kamati re 14xx", na kumbukumbu yangu. Namba niliijua ni ya wale wa maegesho, nikaiweka chini ya jina lao. Wiki tatu baadaye kiongozi wao akapiga simu. Mwanachama wake amefungua tovuti ya Cal-Access, ambako mtu yeyote anaweza kusoma taarifa hizi, na ameona chama chake kinapigania maji ya wakulima. Na mteja wa maji, aliyekuwa amelipa kwa kazi hiyo hasa, hakuonekana popote. Tukarekebisha fomu zote. Hakuna aliyetozwa faini. Lakini ile simu bado naisikia.

Kwa hiyo shajara yangu sasa ina safu tano: tarehe, mteja, namba ya muswada pamoja na maneno matatu ya kinachosema siku hiyo, nani alizungumza na ofisi gani, na fedha kama ilitumika. Maneno matatu yale ndiyo yaliyoniokoa mara nyingi zaidi. "Maegesho vyuoni." "Maji, umwagiliaji." Mshawishi akirudi kutoka mjengoni namkamata mlangoni kabla hajafungua kompyuta. Wananiita askari wa getini, na sijali.

Jambo jingine la kupita haraka: mteja mpya akija, usajili wa kampuni urekebishwe kabla mtu hajamsemea neno hata moja. Mabadiliko mengine yana siku 20, hili halina. Na asiwepo mteja anayesema "tutakulipa muswada ukipita." Malipo ya kutegemea ushindi ni marufuku hapa. Michango ya kampeni kutoka mfukoni mwa mshawishi kwa wabunge anaowashawishi nayo ni marufuku, na hiyo inajumuisha nyumba yake: mwaka 2014 mshawishi mmoja mkubwa wa hapa na kampuni yake walitozwa dola 133,500 kwa sababu ya hafla za kuchangisha fedha za wanasiasa nyumbani kwake. Chakula na vinywaji vya mwenye nyumba vilihesabiwa kuwa mchango.

Ninyi mnaotoka kwenye vyama vya jamii, vya Waafrika Mashariki au wengineo, mnaokodi basi mara moja kwa mwaka kuleta watu Capitol, jengo la Bunge: aliyejitolea bila kulipwa, akasimama kwenye foleni ya maikrofoni kutaja jina, shirika na kama anaunga mkono au anapinga, huyo siyo mshawishi. Mwacheni aseme. Lakini chama kikitumia dola 5,000 au zaidi ndani ya robo mwaka kuhimiza watu wakazungumze na wabunge, kinaripoti kwa fomu 645 hata kama hakina mshawishi hata mmoja. Weka risiti za basi na za pilau.

Na sitawadanganya kwamba baada ya fomu zote hizo raia anaona kila kitu. California haimtaki mshawishi aseme kama alikuwa anaupinga muswada au anauunga mkono, Colorado inataka. Haitaki ajulikane alikaa na mbunge yupi. Na kwenye 635 kuna mstari wa "malipo mengine ya kushawishi", ambako hukaa washauri wa mikakati, matangazo, na wabunge wastaafu wanaosema wao hawashawishi, wanashauri tu. Huo mstari mara nyingine ni mnono kuliko ada ya mshawishi mwenyewe. Kwangu ndiyo tundu kubwa la sheria hii, kubwa kuliko vikapu elfu. Waandishi wa habari wa hapa wanaujua, na ninyi mkiwa mnaujaza, ujazeni mkijua kuna mtu atausoma.

Robo ya nne inafungwa Desemba 31. Nataka 615 zenu mezani kabla ya Januari 14, zimesainiwa, na shajara iambatane. Msiniletee picha za skrini.