Hereni za shanga kwenye powwow ya majira ya baridi

Ndugu, uliuliza utajuaje kama hereni za shanga zinazouzwa ukumbini wakati wa powwow, yaani mkusanyiko wa ngoma na nyimbo za Wenyeji wa Asili wa Marekani, ni kazi ya Wenyeji hao wenyewe. Sheria ya mwaka 1990 inakataza kuuza bidhaa kwa jina lao ikiwa haikutengenezwa na mwanachama wa kabila linalotambuliwa au fundi aliyeidhinishwa nalo, na mkosaji wa mara ya kwanza anaweza kutozwa faini ya hadi dola 250,000 au kufungwa hadi miaka 5. Mimi, hata hivyo, humuuliza kwanza muuzaji ni nani aliyezitunga na ni wa kabila gani, kisha huigeuza hereni: mara nyingi mgongoni hushonewa ngozi laini, na mishono ya mkono huonekana ukingoni. Bei ya chini mno hunitia shaka, maana jozi moja hula saa nyingi za sindano.