Nyota ya leseni imetokea wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni dereva wa lori, naishi Ohio. Majuzi uwanja wa ndege nilitolewa kwenye foleni nikahojiwa, eti leseni yangu haina nyota. Mwenzangu anasema sheria ya nyota ilipita ndani ya pesa za vita vya Iraki. Ananitania?

JIBU: Marahaba. Hakutanii. Nyota hiyo ni alama kuwa leseni imetimiza sheria ya vitambulisho ya Marekani, iitwayo REAL ID. Mimi niliifuata safari mbili. Ya kwanza nilirudishwa kwa kuwa bili ya umeme ilikuwa na jina la mke wangu. Kwa hasira nikaisoma sheria yenyewe kwenye simu, gari likiwa bado maegeshoni. Jina lake la juu ni matumizi ya dharura ya ulinzi, vita dhidi ya ugaidi na misaada ya tsunami. Vitambulisho viko Sehemu B, huko nyuma.

Wewe wa malori mchezo huo unaujua: kudandia. Muswada wa vitambulisho, wa mbunge James Sensenbrenner wa Wisconsin, ulipita Baraza la Wawakilishi Februari 2005. Seneti haikuupigia kura peke yake. Basi ukadandishwa kwenye muswada wa dola bilioni 82 hivi. Nani angethubutu kuwanyima askari walioko vitani, na wahanga wa tsunami juu yake? Seneti ikapiga 100 kwa 0. Bush akasaini Mei 11, 2005. Viwanja vya ndege vikaanza kuidai nyota Mei 7, 2025.

Rais hana mkasi: husaini yote au hukataa yote. Mwaka 1879 Rutherford Hayes aliukataa muswada mzima wa fedha za jeshi kwa sababu ya kipengele kilichodandia, cha kuwazuia askari vituo vya kura. Clinton alipewa mkasi 1996. Mahakama ya Juu ikaufuta 1998.

Mafungu ambayo mbunge huyachomeka kwa ajili ya kwao ni habari nyingine. Mwaka huohuo 2005 daraja la Ketchikan, Alaska, lilitengewa zaidi ya dola milioni 220, lifike kisiwa chenye uwanja wa ndege na wakazi 50 hivi. Halikujengwa. Mafungu hayo yalisimamishwa 2011, yakarudi 2021 kwa jina jipya, lenye adabu zaidi. Kudandia hakukusimama hata siku moja.

Ukienda kuomba nyota, beba hati mbili za anwani. Zote ziwe na jina lako, si la shemeji yangu.