Nitumie, nieleze, niibie: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na nimecheka kidogo kabla ya kukuonea huruma. Unasema ulimwandikia mkuu wako wa kazi "Please send me the report" na hakuna aliyeguna. Kesho yake ukaandika "Please explain me the changes you made on page four", mwenzako akakunong'oneza kwamba hapo umeteleza. Sasa unaniuliza: kama "nitumie" na "nieleze" ni watoto wa tumbo moja, kwa nini Kiingereza kimkaribishe mmoja na kumfungia mlango mwenzake?

Miaka yote niliyofundisha Kiingereza, swali hili liliulizwa na wanafunzi wachache sana. Wengine walikosea tu, nikawasahihisha, yakaisha.

Anza na lugha uliyonyonya. Kiswahili humbeba mpokeaji ndani ya kitenzi. Andika, andikia. Nunua, nunulia. Leta, letea. Mkia wa kitenzi unabadilika, na ukishabadilika kila mtu anajua kuna mtu ambaye tendo linamwendea. Kuna hata kitenzi kisichoweza kutoka nje bila huyo mtu, nacho ni "-pa". Jaribu kusema "alipa kitabu" bila kumtia aliyepewa, uone kama hutaulizwa alilipa kiasi gani.

Kiingereza hakina mkia huo. "Buy" inabaki "buy", umejinunulia au umemnunulia mwenzio. Zamani kilikuwa na alama zake, ila zilikaa kwenye majina: Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilibadilisha miisho ya majina kuonyesha nani anapokea. Miisho ile ikachakaa, ikapotea, kazi yake ikachukuliwa na nafasi ya neno. Anayetajwa mara tu baada ya kitenzi ndiye mpokeaji, kinachofuata ndicho kitu. "She gave the child the dog": mtoto kapata mbwa. Geuza useme "She gave the dog the child", na mtoto yuko mashakani.

Njia ya pili ni kutaja kitu kwanza, halafu mpokeaji aje nyuma ya "to" au "for". Vitenzi vya kupitisha kitu toka mkono hadi mkono, kama "give", "send", "lend" na "show", huchukua "to". Vile vya kumfanyia mtu kazi ili apate kitu, kama "buy", "make", "find" na "get", huchukua "for". Kwa hiyo "Get me a chair" ni sawa na "Get a chair for me". Hapa Kiswahili kinakwenda nacho bega kwa bega: "pata" ikizaa "patia", unasema "nipatie kiti". Ila angalia adabu. Kwetu "nipatie" ni laini kuliko "nipe". "Get me" haina ulaini huo hata chembe, ni amri ya kumtuma mtu akakuletee. Mwingereza akitaka upole huuweka mwanzoni mwa sentensi, kwenye "could you".

Sasa "explain". Vitenzi vinavyokubali majina mawili nyuma yao bila "to" wala "for", yaani mpokeaji na kitu, kwa sehemu kubwa ni vile vya asili ya Kiingereza chenyewe au vya ndugu zake wa kaskazini: "give", "send", "tell", "show", "teach", "bring", "get". Vilivyoingia baadaye kutoka Kilatini, vingi kwa kupitia Kifaransa, mara nyingi vinakataa: "explain", "describe", "suggest", "announce", "donate". Hivyo hudai "to". Hutasikia "He donated us a book" kwa mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, ingawa "He gave us a book" haina neno.

Kanuni hii ina matundu, nisikufiche. "Offer" na "promise" asili yake ni Kilatini, na zinakubali bila shida. Huenda sauti inasaidia: zote mbili zinakaziwa silabi ya kwanza, kama maneno ya kienyeji, wakati "explain" na "describe" zinakaziwa ya pili. Lakini "say" ni ya kienyeji kabisa na haikubali. "Tell me", ndiyo. "Say me", hapana kabisa. Sisi tunaponzwa na "niambie", tukidhani "tell" na "say" zinapokezana zamu.

Kuna vitenzi vitatu au vinne ambavyo mimi huviogopa zaidi ya "explain", kwa sababu ukivikosea husahihishwi, unaeleweka vibaya. Nikiwa msichana niliibiwa saa. Nikaenda kwa mwalimu nikamwambia, kwa uchungu wote, "Somebody stole me a watch". Alinitazama kwa muda, akauliza kama nimekuja kuirudisha. Nilikuwa nimesema kwamba kuna mtu kaenda kuiba saa kwa ajili yangu! Kiswahili hakijali: "amenipikia" ni wema, "ameniibia" ni hasara, na mkia ni uleule. Kwa Kiingereza yule wa pembeni ya kitenzi ni mtu anayepata. Ukipokonywa, tumia "from": "stole a watch from me".

Kwa sababu hiyohiyo huwezi kusema "Borrow me your pen". Kitenzi chetu "azima" hutazama pande zote mbili: naazima kwako, nawe unaniazima. Kiingereza kimewagawa: anayetoa ana "lend", anayechukua ana "borrow", na "borrow" haipokei mtu wa kupewa. Na "aliniomba pesa" isikupeleke kwenye "He asked me money". Swali unaweza kuulizwa moja kwa moja, "He asked me a question". Ukiombwa kitu, "for" lazima iingie.

Wazo hilo la kupata ndilo linalokufanya useme "I sent a letter to London" lakini usite kwenye "I sent London a letter". Mji haupokei barua mkononi. Sentensi ya pili inasimama tu kama "London" ni watu, tuseme ofisi kuu iliyoko huko.

Jambo moja litakufurahisha. "Nilipewa kitabu" unaweza kuipeleka ilivyo: "I was given a book". Mfaransa na Mjerumani hawawezi kumfanya mpokeaji kuwa kiima cha sentensi namna hiyo kwa kitenzi chao cha kutoa. Sisi na Mwingereza tunakutana hapo, bila undugu wowote.

Lakini usikate sentensi kama tunavyokata. Kwetu "amenipa" imekamilika, kitu kinajulikana. "He gave me" inaning'inia. Sema "He gave it to me".

Turudi kwenye sentensi yako. Ungeweza kuandika "explain the changes you made on page four to me", ila hapo "to me" inasukumwa mbali mno, hata msomaji anaweza kudhani ukurasa wa nne ndio uliotumwa kwako. Kitu kikiwa kirefu, mpokeaji anaruhusiwa kutangulia, mradi aje na "to" yake: "Please explain to me the changes you made on page four". Ulikosa herufi mbili tu.

Mama yako

Nilitaka kusahau "provide" uliyoiuliza pembeni. Hiyo inamtanguliza mtu, kisha kitu kinaletwa na "with": "provide me with the figures". "Supply" nayo vivyo hivyo.