Majivu ya marehemu na mti wa kumbukumbu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mume wangu ni Mjerumani, alisilimu tukaoana Diani. Mwezi uliopita amefariki kwao. Nikiwa bado nahangaikia viza, ndugu zake wakamchoma, na yeye hakuusia hivyo. Sasa wanataka majivu yazikwe msituni chini ya mti. Wanangu nao wanaomba wapewe kidogo wayapandie mwembe hapa nyumbani, wanasema baba atakuwa mti. Hukumu yake ni ipi? Na atasaliwa vipi?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Mwenyezi Mungu akupe subira, binti yangu.

Kumchoma maiti ni haramu. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Bibi Aisha aliyoipokea Abu Daud, kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Lakini dhambi haimfuati aliyetendewa, wala wewe uliyekuwa mbali. Usidhani pia kuwa moto umemkosesha ufufuo. Bukhari na Muslim wamepokea habari za mtu aliyewausia wanawe wamchome, wamsage, wampeperushe siku ya upepo. Allah akamkusanya, akamuuliza kilichompelekea. Akasema: kukuogopa Wewe. Akasamehewa, na huyo aliagiza mwenyewe!

Sasa majivu. Hayo ndiyo mwili wake uliobaki, na haki ya mwili ni kufukiwa ardhini, wote, pahala pamoja. Kwa hiyo msimgawe. Maziko ya msituni, ambayo Ujerumani yalianzia msitu wa Reinhardswald mwaka 2001, hutumia chombo kinachooza, kikafukiwa penye mizizi ya mti uliokwisha kukua. Hayo ni maziko, na ni afadhali mno kuliko kumwagwa baharini au kuwekwa kabatini. Hata hivyo, miji mingi ya kule ina sehemu ya Waislamu makaburini. Anza kwa kuuliza msikiti ulio karibu na shemeji zako. Shemeji zako wakikataa, basi msitu, nawe huna lawama.

Kuhusu sala, katika madhehebu yetu ya Shafi sharti lake ni maiti aoshwe, au atayamamishwe (apakwe udongo safi badala ya maji) kwanza, na wapo waliosema asiyewezekana hayo hasaliwi. Wengine wakajibu kuwa lililo rahisi haliondoki kwa sababu ya lililo zito, basi asaliwe. Mimi nafuata hawa. Mwambie imamu wa mtaani kwenu amsalie sala ya ghaibu, yaani ya maiti asiyekuwepo, kama Mtume alivyomsalia Najashi, mfalme wa Habasha aliyefia kwao. Na eda yako ni ile ile, miezi minne na siku kumi tangu alipokufa, si tangu habari ilipokufikia.

Watoto usiwakaripie, waambie baba hageuki mti, baba atafufuliwa yeye mwenyewe. Tena majivu ya mtu yana chumvi nyingi, mche mchanga ungeungua mizizi. Lakini mwembe upandwe, bila majivu! Sahaba Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume kama sadaka itamfaa, akaambiwa ndiyo, akaitoa bustani yake iitwayo Mikhraf kwa ajili yake. Na katika hadithi ya Anas, anachokula ndege, mtu au mnyama katika mti aliopanda Muislamu ni sadaka kwake. Watie nia kuwa thawabu ni za baba yao, na wapande upande wa njiani, wapita njia wapate kuokota maembe bila kubisha hodi.

Wallahu aalam.