Skripti yako ya kwanza ikuulize kabla ya kufuta

Ninashika hesabu katika duka la vipuri kwenye Barabara ya Kirinyaga. Kila jioni nilizipunguza ukubwa risiti zilizoskaniwa, moja baada ya nyingine, nikazituma kwa WhatsApp, kisha nikafuta zile ndogo. Zikifika sitini, nilikuta stejini nauli imeshapanda.

Kazi ya aina hiyo, isiyobadilika leo wala kesho, ndiyo ya kujifunzia Bash, programu ya Linux inayotekeleza amri unazoziandika. Usingoje kumaliza kozi. Ziandike kwenye faili amri zilezile ambazo ungezipiga kwa mkono, mstari wa kwanza uwe `#!/bin/bash`, uiruhusu kuendeshwa kwa `chmod +x`, basi una skripti.

Yangu ilinitia hasara wiki ya kwanza, na sitaki yakupate. Risiti ya asili iliitwa `012.pdf`, ile ndogo `ndogo 012.pdf`. Ili kila ndogo ifutwe kwa `rm`, amri ya kufuta, niliandika hivi, `$f` ikisimama badala ya jina la kila faili:

`for f in ndogo*; do rm $f; done`

Pasipo alama za nukuu, Bash hulikata jina pale penye nafasi. `rm` ikatafuta faili iitwayo `ndogo`, ikaikosa, ikatafuta `012.pdf`, ikaifuta. Ndogo zikabaki zote, za asili zikaenda, na kinachofutwa kwa `rm` hakipitii pipa la taka. Siku mbili nzima nilirudia makaratasi, nikiskani upya.

Ilifaa niandike `rm "$f"`. Wengi hushauri utangulize `echo`, inayoandika amri kwenye skrini bila kuitekeleza, uone kwanza kitakachofanyika, na ni ushauri mzuri, ila kosa hili `echo` haingelionyesha, kwa sababu maneno yangetokea sawa kabisa. Mimi sasa hutumia `rm -i`: inataja kila faili na kuuliza. Ningeona `012.pdf` peke yake, ningeshtuka.

Ukishaiamini skripti, ondoa `-i` uikabidhi kwa cron, programu inayoendesha kazi yenyewe kwa saa uliyopanga. Hapo dakika hutangulia saa: `30 17 * * 1-6` ni saa kumi na moja na nusu jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Tuliozoea saa za Kiswahili huandika 11, kazi ikafanyika saa tano na nusu asubuhi. Cron pia huanzia folda yako ya nyumbani, kwa hiyo juu ya skripti weka `cd`, amri ya kuingia folda, yenye njia kamili, ifuatwe na `|| exit` ili isimame ikishindwa kuingia, isije ikafuta mahali pengine. Na stima ikipotea wakati huo, cron hairudii. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya chai, naifungua folda ya jana.