Kupanga apatimenti Masaki kwa hela ya mkopo, inafaa?

SWALI: Asalaam alaykum sheikh wetu. Mi kijana wako wa Ujiji, natoa dagaa na migebuka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, napeleka Dar. Dar nimepanga vyumba viwili Tandika. Sasa nimeanza kupata wateja wa mahoteli na jamaa zangu wananiambia mtu wa biashara kubwa hakai Tandika, watu hawatakuchukulia siriasi. Nimeona apatimenti Masaki, ghorofa ya saba, ina lifti, jenereta, bwawa la kuogelea na unaiona bahari ukiwa kitandani. Kodi milioni mbili na nusu kwa mwezi, mwenyewe anataka miezi sita kwa mkupuo. Nina milioni tisa, sita zilobaki kuna watu wanakopesha kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi, naona nitazirudisha fasta. Mama yupo Ujiji, bati za nyumba yake zimeoza, huwa namtumia nikipata. Je hii ni israfu, yaani ubadhirifu? Na hela ya dalali na dipoziti zina hukumu gani?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza mwanangu nikutoe wasiwasi, nyumba nzuri siyo haramu. Wapo wenzetu wakisikia lifti tu washatoa fatwa ya israfu, mi simo. Mtume (s.a.w) katika mambo ya furaha ya mtu ametaja nyumba yenye nafasi, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando kizuri, na Qur'ani katika Suratul A'raf aya ya 32 inauliza nani aliyeharamisha pambo la Mwenyezi Mungu alilowatolea waja wake. Kwa hiyo lifti na jenereta kaa navyo kwa amani. Bwawa nalo ni maji tu, ila unajua mwenyewe watu wanavyovaa pale, sasa we uchunge macho yako na uvae kaptula iliyovuka magoti basi.

Israfu inapimwa kwa mtu. Nyumba ileile, anaweza kuipanga mtu mwenye kipato kikubwa na watoto watano ikawa matumizi ya kawaida kabisa, akaipanga mwingine ikawa israfu ya wazi, maana Suratul Furqan aya ya 67 inawasifu wale ambao wakitoa hawapitilizi wala hawabani, wanakaa katikati. We katikati yako ipo wapi? Kodi tu inakula akiba yako yote na bado haitoshi, na hapo dalali hajachukua kodi yake ya mwezi mmoja na dipoziti hujalipa.

Huo mkopo haufai. Haufai kabisa, wala usitafute sheikh mwingine wa kukulainishia. Mtume (s.a.w) amemlaani mla riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Usiniletee habari ya dharura, dharura ni ya mtu hana pa kulaza ubavu na we una vyumba viwili Tandika. Alafu hata kwa hesabu ya duniani tu, milioni sita kwa asilimia kumi ni laki sita kila mwezi za riba tupu, deni lenyewe hujaligusa, mwezi ukikosea kidogo, ziwa likafungwa watu wasivue au mzigo ukalowa njiani, ndo umekwisha hivo.

Ila kilichonigusa zaidi kwenye swali lako ni hiyo "hawatakuchukulia siriasi". Kuna mwanamke alimuuliza Mtume (s.a.w), nina mke mwenzangu, je nina kosa nikijifanya mume wangu kanipa kitu ambacho hajanipa? Akamjibu kwamba anayejionyesha ana kitu ambacho hakupewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo. Imo kwa Bukhari na Muslim. Sasa we unataka kumvalia hizo nguo nani, meneja wa hoteli? Meneja hana shida na ghorofa yako ya saba, yeye anachukua dagaa kiganjani anawasugua, akisikia kichanga anakurudishia gunia lako, kwa hiyo hela ya Masaki ungejengea chanja za kuanikia pale Kibirizi dagaa wakaacha kugusa mchanga ungepata wateja kuliko hao. Na wale wavuvi wanaokupa mzigo kwa mali kauli, unachukua leo unalipa ukishauza, wakiona picha zako za baharini watasema kijana kashatoka huyu, watakuongezea mzigo kwa kuamini utajiri ambao haupo. Hapo imeshafika kwenye kudanganya watu.

Mama. Umemtaja kwa mstari mmoja tu, na "nikipata". Mzazi mhitaji matumizi yake ni wajibu kwa mtoto mwenye uwezo, ni wajibu siyo zawadi, na we milioni tisa unazo. Mvua zetu huku Kigoma zikianza Oktoba unajua mpaka Mei. Bati kwanza, tena wiki hii, mengine yatafuata.

Dalali ujira wake halali mkikubaliana kiasi mapema, ila anayekula hela ya kukuonyesha nyumba anayojua imeshachukuliwa huyo mwizi tu. Dipoziti ni dhamana, inabaki mali yako mpaka utakapotoka, mwenye nyumba akate uharibifu ulioufanya kweli na si rangi iliyochakaa yenyewe, mwandikishane. Wakikuandikia kodi kwa dola kataa, kanuni za 2025 zimekataza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Na hujauliza zaka ila nakuambia: hiyo milioni tisa ukijumlisha na mzigo ulioko stoo imeshapita nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali inayotolewa zaka, kwa kipimo cha madini ya fedha (silva), tena mbali. Kama imetimiza mwaka, kwenye milioni tisa peke yake toa laki mbili na elfu ishirini na tano, ya mzigo upige kwa bei ya kuuzia ya leo.

Wallahu a'lam.